Mbwa kapakwa dawa ya kupe, anayetetemeka ni paka: imekuwaje?

#1 Mkia Mfupi
Wakuu, salaam. Naomba kueleweshwa, maana nyumbani tumebishana mpaka tumechoka.

Nina mbwa dume wa kilo 30 na ushee, na paka jike mwenye umbo dogo. Ni marafiki wa damu. Paka hulalia tumbo la mbwa na kumlamba masikio. Wiki iliyopita mbwa alijaa kupe, akapakwa dawa ya matone katikati ya mabega. Paka hakuguswa. Kesho yake jioni paka akaanza kupigapiga masikio, ngozi ya mgongo inamchezacheza, mate yanamtoka, kisha akatetemeka mwili mzima na kuyumba kama mlevi. Tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo, akaoshwa, akachomwa sindano za kulegeza misuli, akalazwa. Sasa amerudi, anakula, ila bado anashtukashtuka.

Kinachonichanganya ni kwamba siku ileile nyumba nayo ilipuliziwa dawa ya wadudu. Pakiti ya dawa ya mbwa ilishatupwa, na aliyepulizia nyumba anasema tu "dawa ya kawaida". Je, paka anaweza kudhurika na dawa aliyopakwa mwenzake? Na kuanzia sasa hawa wawili niwakinge vipi?

#2 Babu Ngedere
Paka kaona mwenzake anahudumiwa yeye karukwa, kaamua kuanguka ili apewe daktari. Nawajua hawa.

#3 Tausi
Pole mkuu. Nimefanya kazi kwenye kliniki ya wanyama na nikisoma dalili zako jina linalonijia kwanza ni permethrini.

Dawa nyingi za matone za mbwa zina permethrini kwa wingi, asilimia 40 hadi zaidi ya 60. Mbwa anaivunja vizuri. Paka hawezi, kwa sababu ini lake lina upungufu wa vimeng'enya vya kuunganisha sumu ya aina hiyo ili itoke mwilini. Inabaki ikichokoza mishipa ya fahamu: mate, masikio kuchezacheza, ngozi kuruka, kutetemeka, hatimaye degedege. Dalili zinaweza kuanza ndani ya saa chache au zikachelewa hadi siku ya pili au ya tatu.

Na ndiyo, paka hahitaji kupakwa. Kulala juu ya mbwa aliyepakwa au kumlamba kunatosha. Ndiyo maana kwenye nchi nyingine pakiti hizo huwekwa picha ya paka iliyokatwa kwa mstari. Ukishampaka mbwa dawa ya aina hiyo, tenganisha wanyama angalau mpaka ikauke kabisa. Sisi tulikuwa tunawaambia watu siku tatu, na hata matandiko wasichangie.

#4 Kichwa Ngumu
Tausi umekimbilia permethrini haraka mno. Jamaa kasema nyumba ilipuliziwa. Wapuliziaji wengine hutumia diazinoni, klopirifosi au diklovosi. Hizo nazo hutoa mate na kutetemesha misuli. Paka anatembea sakafuni, kisha anajilamba makucha yote manne. Dozi kamili hiyo. Mbwa hajilambi kiasi hicho, ndiyo maana yeye mzima.

Mkia Mfupi, mboni za macho zilikuwaje? Zilisinyaa? Aliharisha? Alikojoa ovyo? Machozi?

#5 Mkia Mfupi
Hakuharisha. Mboni zilikuwa kubwa kabisa, nyeusi tii. Machozi sikuona.

#6 Tausi
Basi kundi la akina diazinoni linapungua nguvu. Hizo kwa kawaida husinyaza mboni, na huja na machozi, kuharisha na kupumua kwa shida. Matibabu yake ni atropini, na mwenyewe alisema paka alipewa dawa ya kulegeza misuli. Permethrini haina dawa ya kuifuta moja kwa moja. Anaoshwa, anatulizwa misuli, anakingwa na degedege, na kwenye vituo vyenye uwezo hupewa mafuta maalumu ya mshipani yanayovuta sumu.

#7 Fundi Saa
Mboni peke yake si ushahidi. Mnyama mwenye hofu mboni zake hupanuka hata kama kuna sumu ya kuzisinyaza.

Halafu nyote wawili mmeruka kitu. Dawa ya kupulizia nyumba yenyewe inaweza kuwa jamii ya permethrini. Sipamethrini, deltamethrini, zote ni ukoo mmoja. Kwa hiyo dalili zikawa zilezile na chanzo kikawa sakafu, si mbwa.

#8 Tausi
Fundi, hapo umenibana kidogo. Ila dawa za kopo za nyumbani huwa na kiasi kidogo sana, mara nyingi chini ya asilimia 1, na kwa paka mzima haziletei shida hiyo zikishakauka. Ni tofauti kama mpuliziaji alichanganya dawa kali ya shambani kwa macho bila kipimo. Hilo atalijua yeye na ndoo yake.

#9 Mzururaji
Wangu aliwahi kutoa povu baada ya kupakwa fipronili, dawa ya viroboto. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka. Nikaambiwa ni uchungu wa dawa tu. Kumbe nilipaka chini mno mgongoni, ulimi ukafika. Labda na huyu alilamba dawa chungu kwa mbwa.

#10 Tausi
Povu la uchungu linapita upesi na paka anabaki na akili zake. Haliyumbishi wala halitetemeshi mwili mzima kesho yake. Ila funzo la Mzururaji lichukueni: kwa paka matone yawekwe nyuma ya shingo, chini kidogo ya fuvu. Unatenganisha manyoya mpaka uone ngozi, unaweka hapo. Ukiyaweka juu ya manyoya umepaka rangi tu.

#11 Jicho la Tatu
Hakuna aliyesema kuhusu dawa bandia? Unanunua boksi limeandikwa kitu kimoja, ndani kuna kingine. Angalieni namba ya toleo kwenye boksi ilingane na ya kwenye kichupa, tarehe ya mwisho, na kama maelezo ya ndani yapo na yanasomeka. Inayouzwa kichupa kimoja kimoja bila boksi mimi siichukui. Mkia Mfupi, yako ilikuwa na karatasi ndani?

#12 Mkia Mfupi
Kusema kweli sijui, aliyenunua si mimi. Na pakiti ndiyo hiyo imeshakwenda na takataka.

#13 Mama Kunguru
Haya yote yanatokana na kuamini kemikali. Ya asili yapo. Mimi kwangu ni pareto na kitunguu saumu kwenye chakula cha mbwa, na matone ya mafuta ya mimea kwenye maji ya kuogea. Viroboto hawasogei.

#14 Fundi Saa
Mama Kunguru, kwa heshima zote, umetaja vitu vitatu na vyote vitatu vina kesi ya kujibu.

Permethrini ilitengenezwa kwa kuiga sumu iliyomo ndani ya ua la pareto. Ya kwenye ua huvunjwa na jua upesi, ya kiwandani hudumu, lakini ni ndugu. Paka anaweza kudhurika na zote mbili zikizidi.

Kitunguu saumu kina viini vinavyoharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na paka ndiye dhaifu zaidi. Anapungukiwa damu polepole huku wewe unamsifu kiroboto kwa kukimbia. Na mafuta ya mimea yaliyokolezwa, kama ya melaleuka ("tea tree"), yamewahi kuwalegeza mbwa na paka miguu na kuwatetemesha hata kwa kupakwa ngozini tu.

#15 Mama Kunguru
Mbwa wangu ana miaka mingi na hajawahi kuugua. Ninyi someni vitabu vyenu.

#16 Babu Ngedere
Mama, huyo mbwa hajambo. Tatizo ni harufu yake, hata mwizi anapiga chafya kabla hajaruka ukuta.

#17 Kichwa Ngumu
Tuache utani. Watu wengi wanafuga mbwa na ng'ombe pamoja, na dawa ya josho ndiyo inayoishia kwa mbwa. Amitrazi ya asilimia 12.5 inamiminwa kwenye ndoo kwa kukadiria. Paka akipita hapo je? Huenda huyu paka alikumbana na hiyo.

#18 Tausi
Amitrazi ingempa sura nyingine: usingizi mzito, moyo kwenda taratibu, mwili kupoa, sukari ya damu kupanda. Si kutetemeka na kushtuka. Hata hivyo nakuunga mkono kwenye hoja yenyewe. Amitrazi paka hapakwi, na mbwa mwenye kisukari pia hapana. Nzuri yake ni kwamba daktari ana dawa ya kuigeuza, akiwahiwa.

Na mkishasema josho, msisahau ivamektini ya sindano ya ng'ombe. Ile ya asilimia 1 ina mikrogramu 10,000 ndani ya mililita 1. Kinga ya minyoo ya moyo kwa mbwa ni mikrogramu 6 kwa kilo, yaani mbwa wa kilo 10 anahitaji 60. Fanyeni hesabu wenyewe mtu anapochoma "kidogo tu". Kuna mbwa, hasa koli na jamaa zake wachungaji, wenye kasoro ya jeni iitwayo MDR1. Kwao dawa hiyo inapenya hadi kwenye ubongo, inawapofusha, inawalaza, wengine hawaamki. Na baada ya hatari yote hiyo, viroboto wanabaki palepale, maana ivamektini si dawa ya viroboto.

#19 Nyota ya Jioni
Naomba kuingilia. Vipi vidonge vya kutafuna? Mbwa wangu ana kifafa, daktari mmoja aliniambia niviepuke, mwingine akasema havina shida.

#20 Fundi Saa
Vidonge vingi vya siku hizi ni vya kundi la isoksazolini: afoksolana, fluralana, sarolana, lotilana. Vinashambulia mfumo wa fahamu wa wadudu, na wanyama wengi wanavimudu vizuri. Lakini Septemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya mbwa na paka walipata mitetemo, kuyumba na degedege, wakiwemo ambao hawakuwahi kuugua kifafa. FDA haikuzipiga marufuku. Ilitaka onyo liandikwe kwenye lebo na wamiliki wazungumze na daktari.

Madaktari wako hawapingani sana. Mmoja anapima hatari ya degedege, mwingine anapima hatari ya kupe. Swali la kuwauliza ni hili: eneo lenu kupe ni wengi kiasi gani, na kuna mbadala gani wa kundi jingine?

#21 Nyota ya Jioni
Asante Fundi. Wangu anatumia imidaklopridi kwa sasa, hana tatizo.

#22 Fundi Saa
Angalia, imidaklopridi peke yake ni ya viroboto, kupe haiwaui. Ndiyo maana kwenye dawa za mbwa huchanganywa na permethrini, au na flumethrini kwenye mikanda ya shingoni. Jina la mbele ya boksi linaweza kufanana sana kati ya ya mbwa na ya paka, na tofauti ikawa kiambato kimoja kilichoandikwa kwa herufi ndogo nyuma.

#23 Mzururaji
Mikanda ya flumethrini si ndiyo iliyozua kelele Marekani?

#24 Fundi Saa
Ndiyo. EPA, wakala wao wa mazingira, walipokea malalamiko mengi, hadi kamati ya bunge lao ikataka mkanda mmoja maarufu uondolewe sokoni. Mwaka 2023 EPA wakamaliza mapitio na kuuruhusu uendelee kwa masharti. Flumethrini ni ya ukoo wa permethrini, ila ipo mikanda iliyopimwa kwa paka. Iliyoandikwa mbwa ibaki kwa mbwa, hata kama unaweza kuikata ikamtosha paka.

#25 Kipusa
Mimi nilikuwa nagawa kichupa cha mbwa mkubwa kwa mbwa wangu wadogo, nawekea kwenye sindano isiyo na ncha. Mbona walikuwa sawa? Ndogo ndogo zinaumiza mfuko.

#26 Tausi
Bibie, walikuwa sawa ila ulikuwa unacheza bahati. Vichupa hupangwa kwa uzito, na mbwa mdogo ndiye wa kwanza kuumia dozi ikizidi. EPA walipochunguza dawa za matone mwaka 2010 waliona mbwa wadogo wanatokea mara nyingi kwenye ripoti za madhara. Vidonge navyo, kuvikata nusu hakukuhakikishii kwamba kila nusu ina dawa sawa. Pima mnyama kwanza. Panda mzani naye mkononi, kisha panda peke yako, utoe.

Na umri uangaliwe. Watoto wa paka au mbwa chini ya wiki 8 wengi hawaruhusiwi kupewa hizi dawa. Nitenpiramu huanzia wiki 4 na karibu kilo 1, inaua viroboto ndani ya nusu saa, ila kesho imeshaisha mwilini. Kwa walio wadogo zaidi, chanuo la meno membamba, maji ya uvuguvugu, na mama yao atibiwe kwa dawa inayoruhusiwa kwa anayenyonyesha.

#27 Sululu
Mnajisumbua. Hizi dawa zimechoka, viroboto wamekuwa sugu. Nimepaka, baada ya wiki wamerudi, nikapaka tena, wamerudi. Siku hizi nachanganya mbili kwa pamoja.

#28 Tausi
Sululu acha kuchanganya! Paka wengi na mbwa wadogo wanafika kliniki kwa hilo: matone, mkanda na shampuu siku moja.

Kuhusu usugu, sibishi kwamba unaweza kuwepo, lakini kwanza tazama sakafu yako. Viroboto wakubwa unaowaona kwa mnyama ni kama asilimia 5 tu ya wote. Waliobaki ni mayai, viwavi na mabuu kwenye mazulia, nyufa na matandiko. Jike mmoja hutaga hadi mayai 50 kwa siku, yanadondoka kila mnyama anapopita. Buu ndani ya kifuko chake haguswi na dawa, anaweza kusubiri miezi, na anaamshwa na joto, mtikisiko na pumzi ya mnyama. Kwa hiyo unaowaona "wamerudi" ni wapya waliozaliwa nyumbani. Fua matandiko kwa maji ya moto, nyuzi 60, fyonza vumbi kila pembe, kinga wanyama wote wa nyumba kwa pamoja, na uendelee kwa miezi angalau mitatu bila kuruka.

#29 Kichwa Ngumu
Au anamwogesha mbwa kesho yake. Fipronili inasambaa kwa mafuta ya ngozi. Ukimpiga shampuu kabla au baada umeyaondoa mafuta hayo. Muache siku mbili kila upande.

#30 Sululu
Namwogesha kila Jumamosi, napaka Jumapili. Hmm.

#31 Babu Ngedere
Kesi imefungwa, viroboto waachiwe huru.

#32 Msafiri Pekee
Na hao mbwa wanaoogelea? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walichapisha vipimo vya mito 20 ya Uingereza, fipronili ikaonekana karibu kwenye kila sampuli, imidaklopridi kwenye kama theluthi mbili, huku fipronili ikiwa imeshaacha kutumika mashambani huko. Walishuku dawa za mbwa na paka. Wadudu wa majini hawana lebo ya kusoma. Mimi nampa wangu kinga msimu wa kupe tu.

#33 Tausi
Hoja nzuri, lakini kuna sehemu kupe hawana msimu. Kupe wa kahawia wa mbwa anaishi ndani ya nyumba, anapanda ukutani, anataga kwenye nyufa mwaka mzima. Huyo ndiye analeta magonjwa ya ehrlichia na babesia: homa, ufizi mweupe, damu za pua. Ehrlichia inaweza kupita saa chache tu baada ya kupe kung'ata, na hapo ndipo vidonge vinapopungukiwa kidogo, maana kupe lazima ang'ate ndipo afe. Permethrini humfukuza kabla. Ndiyo sababu kuna madaktari bado wanaipenda kwa nyumba ya mbwa peke yake. Nyumba yenye paka, mimi nisingeiingiza mlangoni.

#34 Kipusa
Na kupe aliyeshika nimtoe vipi? Kwetu tunammwagia mafuta ya taa.

#35 Fundi Saa
Mafuta ya taa yanaunguza ngozi na kupe anaweza kutapika ndani ya kidonda. Kibano chembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, usimbinye tumbo.

#36 Mkia Mfupi
Nimerudi wakuu, ahsanteni. Nimeongea tena na daktari. Anasema picha yote inafanana na permethrini au ndugu zake, ila hawezi kuapa imetoka kwa mbwa au sakafuni. Nilimuuliza kama nilikosea kumpa maziwa kabla ya kuondoka nyumbani, akasema maziwa hayatoi sumu, na paka anayetetemeka anaweza kupaliwa. Mpuliziaji bado hajanipa jina la dawa. Paka tumepangiwa selamektini, dawa ya viroboto inayomfaa paka, akishapona kabisa, mbwa atahamia kidonge.

#37 Kichwa Ngumu
Kumbe nilikuwa na nusu ya ushindi. Mng'ang'anie huyo mpuliziaji.

#38 Tausi
Nusu hiyo Fundi ndiye mwenye nayo, wewe ulisema diazinoni. Jambo moja kwa wote: paka akipatwa, muosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha mbio kwa daktari. Maji ya moto yanaongeza kunyonywa kwa dawa, ya baridi yanampoza mwili na mitetemo inazidi. Kama ameshaanza degedege, msipoteze muda kwenye beseni. Na pakiti mwende nayo.

#39 Kipusa
Nina sungura pia, wanakaa karibu na mbwa. Fipronili ya kupulizia nawapulizia na wao?

#40 Tausi
Hapana, dada. Fipronili inaua sungura. Wao daktari huwapa imidaklopridi au selamektini kwa kipimo chao. Na usimpulizie mbwa karibu na banda lao.